Geti la gereji limekuwa zito mpaka linasukumwa na watu watatu? Litengeneze mwenyewe, ila anza na reli

Nina gereji ndogo huku Kigamboni, uwanja wa kuingia gari nne tano hivi, na mlango wake ni geti la chuma la kusukuma pembeni, upana mita 4, kwenda juu mita 2.2. Mwanzoni mwanangu wa darasa la tatu alikuwa analifungua kwa mkono mmoja. Baadae likaanza uzito, likaanza kupiga kelele mtaa mzima unajua sasa gereji imefunguliwa, mwisho wa siku tukawa tunalifungua watu watatu, mmoja anavuta wawili wanasukuma, na mteja yuko nje kwenye gari anatuangalia tu. Nikaita fundi, akabadilisha magurudumu yote mawili, likateleza safi kabisa, nikamlipa na asante juu. Baada ya miezi mitatu likarudi pale pale. Nikaita mwingine, na yeye akabadilisha magurudumu. Mara ya tatu nikasema hapana, ngoja nichuchumae niangalie mwenyewe, ndo nikaona magurudumu hayakuwa na kosa lolote, mwenye kosa ni reli, mi nilikuwa nanunua magurudumu mapya nayapeleka machinjioni.

Kwa hiyo haya maelezo ni ya geti la aina hiyo, la chuma, linalotembea juu ya reli ya chini na kushikwa na rola za juu. Kama wako ni ule mlango wa kukunja juu wenye springi, wa maduka au ule walionao wenzetu Marekani kwenye nyumba zao, usitumie maelezo haya. Springi ya mlango ule imejazwa nguvu ya kubeba mlango mzima, ukifungua bolti yake bila kujua inarudi na spana yako mpaka usoni. Hiyo mwachie mtu wa kazi hiyo, sio uoga.

Sasa kabla hujashika spana ujue uzito wa kitu unachochezea. Bamba la milimita 1.5 ni karibu kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba, so geti la mita 4 kwa 2.2 bamba peke yake linafika kilo 100 na kitu. Fremu ya skwea paipu (paipu la pembe nne) ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 2 ni kama kilo 3 kwa mita, na langu limekula mita 19 hivi ukihesabu na nguzo za katikati, hapo kilo 57. Jumla 160, ni zaidi ya mifuko mitatu ya sementi, imesimama wima juu ya magurudumu mawili membamba. Haina miguu pembeni. Kinachofanya lisilale ni rola za juu na stopa, yani kizuizi cha mwisho wa reli, basi, hakuna kingine. Stopa yangu ililiwa na kutu bila mi kujua, siku moja kijana akalisukuma kwa hasira likapitiliza, likatoka kwenye rola likaegemea ukuta. Lingeegemea upande wa pili ningekuwa naandika habari nyingine. Kwa hiyo hata kama huna mpango wa kutengeneza chochote leo, nenda kaangalie stopa, ipige na nyundo, ikitikisika au ikimeguka geti lisiguswe na mtoto mpaka uchomelee nyingine.

Vifaa: jeki ya gari ya chupa, vipande vya mbao ngumu, kamba nene au mnyororo, spana na soketi (bolti za ekseli za magurudumu mengi ni za milimita 12 au 16, hiyo ni spana 19 na 24), nyundo, tindo, brashi ya waya, grenda, pima maji, kamba ya ujenzi, tepu, chaki, grisi. Mashine ya kuchomelea kama unajua kuitumia, kama hujui utamwita fundi kwa lisaa limoja tu ukiwa tayari umeshamwandalia kila kitu, na hapo ndo unapookoa hela. Miwani ya kazi usiombe ya jirani, nunua. Na watu wawili wazima, sio mmoja, hii kazi haifanywi peke yako.

HATUA YA 1: LISIKILIZE

Kama geti lina mota, zima umeme wake kabisa alafu ifungue kwa ule ufunguo wake ili geti litembee kwa mkono. Watu wengi wanalaumu mota kumbe mota inateseka tu kuvuta geti lililokwama. Chora alama za chaki kwenye reli kila nusu mita, uzipe namba, alafu sukuma taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho huku mwenzako anaandika ni wapi linakuwa zito, wapi linaruka, wapi linalia.

Hapo ndo jibu lilipo. Likiwa zito sehemu moja tu ile ile kila siku, tatizo ni reli. Likiwa zito njia nzima sawasawa, beringi zimekufa. Likigonga kwa mpigo, ta, ta, ta, kila baada ya umbali ule ule, gurudumu limeliwa upande mmoja au lina shimo. Likilia juu na sio chini, ni rola za juu zinabana. Na likifungua kwa urahisi ila kufunga ni kazi, weka pima maji, reli ina mteremko, geti linapanda mlima kila jioni na wewe unadhani ni uchovu wako.

Langu lilikuwa zito alama ya 3 mpaka ya 5 tu, pale gari zinapopita na tairi. Mafundi wawili hawakuona hilo kwa sababu hawakulisukuma, walifika na magurudumu mkononi.

HATUA YA 2: RELI

Sogeza geti mpaka mwisho wa upande mmoja, litie kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Chukua tindo na brashi ya waya usafishe reli yote, pamoja na pembeni, toa mchanga, toa lile tope lililochanganyika na grisi likawa kama ugali mweusi. Hapa niseme kitu kimoja maana naona kila mtu anakosea: RELI HAIPAKWI GRISI. Unaipaka leo, kesho upepo umeleta mchanga umenata, keshokutwa una msasa juu ya reli, gurudumu linasagwa kila linapopita. Grisi ni ya ndani ya beringi. Reli inatakiwa iwe kavu na safi.

Ikishakuwa safi funga kamba ya ujenzi mwanzo hadi mwisho, ivutwe ikaze, milimita chache juu ya reli, uipime kwa tepu kila nusu mita pale ulipochora chaki. Alafu ipeleke pembeni ya reli upime tena, maana reli inaweza kunyooka ukiitazama toka pembeni lakini ikawa imepinda kama nyoka ukiitazama kwa juu. Mi nilikuta bonde la milimita 14, pale pale alama ya 4. Geti lenye kilo 160 likitumbukia humo gurudumu linapigwa na mzigo kila linapoingia na kila linapopanda kutoka, we unategemea beringi ikae?

Sababu ya bonde karibu siku zote ni maji. Reli ikiwekwa juu ya zege jembamba bila mfereji, masika yanapita chini yake yanabeba udongo, zege linabaki linaelea, Fuso moja likipita linavunjika. Huku kwetu pwani ongeza chumvi ya hewa, engo laini (kile chuma cha umbo la L kilichotengenezea reli) inaliwa toka chini usikokuona.

Kutengeneza: kata kipande kibovu kwa grenda, kiache kirefu kidogo kila upande kupita bonde lenyewe. Vunja zege la chini mpaka ufike udongo mgumu, shindilia, ukiona udongo unabonyea kwa kisigino endelea kushindilia. Kipande kipya cha reli kichomelewe miguu ya nondo ya milimita 10 kila baada ya sentimita 50, iwe na kona mwishoni ili ishike kwenye zege. Kiweke, kilinganishe na kamba, kichomelee kwenye reli ya zamani pande zote mbili, alafu maungio yasagwe kwa grenda mpaka ukipitisha kidole usisikie kitu, kwa sababu kila kinundu gurudumu litakigonga maisha yake yote. Zege changanya moja mbili nne, yani sementi karai moja, mchanga mbili, kokoto nne, maji yasizidi. Uso wa zege uache chini kidogo ya kichwa cha reli, uteremke kuelekea nje, na kama unaweza weka bomba dogo la kupitisha maji chini ya reli. Huo upande wa maji usipoushughulikia utarudi hapa hapa baada ya masika mbili.

Mwagilia zege asubuhi na jioni na usipitishe gari kwa siku 7. Najua gereji haifungwi siku 7, mi niliweka plenki mbili nene kama daraja, gari ndogo zikapita juu, Fuso nikazikataa.

HATUA YA 3: NYANYUA GETI

Funga geti kwa kamba au mnyororo kwenye nguzo ya zege sehemu ya juu, sehemu mbili, iachie ulegevu mdogo wa kuruhusu kupanda sentimita tatu tu. Usilitoe kwenye rola za juu kabisa. Jeki iwekwe chini ya fremu karibu na gurudumu unalotaka kutoa, juu ya mbao, sio juu ya mchanga, gurudumu la upande wa pili litiwe kabari. Panda taratibu, sentimita 2 zinatosha, ukishapata nafasi sukumia mbao ngumu chini ya fremu. Jeki ikiishiwa pumzi mbao ndo inabaki imeshika. Mkono hauingii chini ya geti linaloshikwa na jeki peke yake, hata sekunde moja.

Gurudumu moja kwa wakati. Kuna mtu alinyanyua pande zote mbili pamoja ili amalize haraka, sina haja ya kuendelea.

HATUA YA 4: GURUDUMU NA BERINGI

Bolti ya ekseli itakuwa imeshikana. Ipige na brashi, imwagie dizeli au mafuta ya kupenyeza uiache nusu saa, ukanywe chai. Ikikataa kata kichwa kwa grenda, bolti mpya haifiki hata robo ya thamani ya muda wako.

Gurudumu likishatoka angalia mfereji wake. Kuna wa umbo la V unaokaa kwenye engo laini iliyogeuzwa mgongo juu, na kuna wa duara unaokaa kwenye raundi baa, yani chuma cha mviringo. Hivi viwili havioani. V ukiiweka juu ya raundi baa inagusa sehemu mbili tu nyembamba, inakula chuma na inatoka njiani kirahisi, na dukani muuzaji atakwambia "zote zinaingia tu boss", usikubali, nenda na gurudumu la zamani mkononi. Kama mfereji umeliwa sawasawa na bado mzima, badilisha beringi tu, gurudumu lirudi.

Namba ya beringi imeandikwa pembeni yake, nyingi kwenye mageti haya ni 6203 au 6204. 6203 ina tundu la milimita 17 na nje 40, 6204 ni 20 na 47, kwa hiyo hata kama namba imefutika unapima na kujua. Baada ya namba kuna herufi, chukua 2RS, hiyo ina kifuniko cha mpira pande zote mbili, mchanga na maji havipiti kirahisi. ZZ ni kifuniko cha bati, kwa mota ya feni iko poa ila chini ya geti karibu na tope haidumu. Eneo la Gerezani pale Kariakoo, Dar, zimejaa, ila feki nazo zimejaa, izungushe kwa kidole dukani, isikwaruze, isicheze, na maandishi yake yawe yamechongwa vizuri sio kama yamepigwa muhuri na mtoto. Jozi haizidi hela ya chipsi kuku za watu wawili watatu, sio mahali pa kubana.

Kutoa beringi: ondoa kile kipete cha chuma kinachoizuia, lalisha gurudumu juu ya mbao mbili, gonga toka upande wa pili kuzunguka duara, usigonge sehemu moja tu. Kuingiza mpya ndo watu wanaharibu. Gonga ringi ya NJE tu, tumia soketi ya ukubwa ule au ile beringi ya zamani kama kigongeo. Ukigonga ringi ya ndani nguvu inapita kwenye gololi, zinapiga alama, beringi mpya inaanza kulia siku hiyo hiyo na utamtukana muuzaji bure. Ekseli ipake grisi kidogo, kaza nati mpaka gurudumu lizunguke huru bila kucheza pembeni, tumia nati ya kujifunga yenyewe au weka nati mbili. Na ile kopo ya kupuliza WD-40 sio grisi, inaosha grisi iliyomo, itumie kwenye bolti zilizoshikana tu.

HATUA YA 5: FREMU

Likiwa bado limefungwa, pima kona kwa kona, juu kushoto mpaka chini kulia, alafu nyingine. Vipimo viwili visipolingana geti limelala kama jamvi lililovutwa. Tofauti ya sentimita moja wala usihangaike. Ikiwa tatu nne, jeki inyanyue kona iliyoshuka mpaka vilingane, alafu chomelea bresi, yani paipu la mshazari la kona kwa kona. Kwenye kuchomelea, fimbo ya 6013 ya milimita 2.5 na ampea 70 mpaka 90 inatosha kwa paipu ya milimita 2, ukizidisha unatoboa. Klampu ya ethi (ule waya wa mashine unaobana kwenye chuma kurudisha umeme) iweke karibu kabisa na unapochomelea, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi, usiiweke upande wa pili wa geti maana umeme utapita kwenye beringi zako mpya kwenda kutafuta njia, na zitaungua ndani kimya kimya. Kama paipu ni la kuzuia kutu, lile la kung'aa, saga ule weupe kwanza na simama upepo ukiwa mgongoni pembeni, moshi wake unaleta homa usiku, na yale maziwa tunayokunywaga mafundi hayauzuii.

Toboa matundu ya milimita 8 chini ya paipu la chini, mawili matatu. Maji yanaingia tu hata ufanyeje, yakikosa pa kutokea yanakula paipu toka ndani, we unaona rangi inang'aa nje mpaka siku kidole kinapita. Sehemu zote ulizochomelea kwangua, piga redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mara mbili, alafu rangi yako.

HATUA YA 6: ROLA ZA JUU NA STOPA

Shusha geti, toa mbao, jeki, mwisho kabisa kamba. Rola za juu kazi yake ni kuzuia geti lisiyumbe, sio kulibana. Acha nafasi ya milimita 3 mpaka 5 kila upande, na ujaribu geti likiwa mwanzo, katikati na mwisho, maana fremu iliyopinda itabana sehemu moja tu. Ziwe jozi mbili zilizoachana kidogo, jozi moja peke yake inaruhusu geti kuzunguka kama mlango. Stopa zichomelewe kwenye chuma kilichoshikwa na zege, pande zote mbili, ziguse fremu na sio gurudumu. Na moja ya ziada juu, kwenye nguzo, ya kushika geti lisitoke kwenye rola hata kama ya chini imeng'oka.

Jaribu kwa kidole. Kweli, langu sasa hivi linaenda kwa mikono miwili ya mtoto bila kukunja uso. Kama linaanza kutembea lenyewe, reli ina mteremko, usiliache hivyo, litakuja kumbana mtu.

Mota inarudi mwisho, na hapa kuna mtego: ukibadilisha magurudumu au reli, geti limepanda au limeshuka, so ile reli ya meno iliyofungwa kwenye geti, inayovutwa na mota, haiko pale ilipokuwa. Kati ya gia ya mota na meno ya geti kuwe na nafasi ya milimita 1 mpaka 2 njia nzima. Ikigusana, uzito wote wa geti unakaa kwenye shafti ya mota, na hiyo ukiiua bei yake sio ya chipsi kuku.